Je, Wajua? Kamera za Duka, Ujiji Hadi Kibirizi

Je, wajua kuwa David Livingstone alipotelewa na mali Ujiji mara mbili? Machi 1869 alikuta majora 62 ya kitambaa kati ya 80 yameibwa, na shanga zake nzuri nyingi zimekwenda nayo. Oktoba 1871, siku chache kabla mwanahabari Stanley hajamkuta, alirejea akaambiwa kuwa Sherifu, mtu aliyekabidhiwa bidhaa zake, ameziuza zote. Livingstone aliandika kuwa Sherifu alijitetea kwamba alipiga ramli, ramli ikamwambia mwenye mali ameshakufa. Huyo hakuhitaji kuvunja mlango. Mali ilikuwa mikononi mwake.

Basi ukitafuta kamera ya duka lako hapa Kigoma, pale Mwanga, au ya banda la dagaa Kibirizi, uliza kwanza nani anashika droo. Kuna wenye maduka wanaofunga kamera nne na zote zinatazama barabarani. Mimi ningenunua mbili: moja juu ya kaunta ikitazama mikono na droo, nyingine mlangoni, usawa wa uso. Ya darini hupiga picha safi sana za kofia.

Je, wajua kuwa kumtambua mtu kuna kipimo chake? Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014, kinataka pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana ili uso wa mtu usiyemjua utambulike. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1920 kwa upana. Gawanya: unapata mita zisizofika nane. Kwa lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo huja na kamera nyingi za bei nafuu, upana huo unakwisha mita tatu hivi kutoka ilipo kamera. Mtu akisimama mita kumi unajua kuna mtu, basi. Lenzi ya milimita 6 inakusogeza hadi mita saba, na mara nyingi bei haitofautiani sana. Ile "mita 30" iliyoandikwa kwenye boksi ni umbali ambao taa zake za usiku zinafika. Haihusu sura ya mwizi.

Je, wajua kuwa ufukwe wetu kwa jumla unatazama magharibi? Jua linatua upande wa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na jioni linapiga moja kwa moja ndani ya kila mlango uliogeukia maji. Saa hizo ndizo wateja wanajaa, na kamera inayotazama nje inaona vivuli vyeusi tu. Tafuta yenye alama ya WDR ya kweli (uwezo wa kusawazisha mwanga mkali na kivuli), desibeli 120. Ukishindwa bei, geuza kamera itazame ndani kutoka mlangoni, jambo lisilokugharimu hata shilingi.

Na je, wajua kuwa jua la Kigoma linachelewa kama dakika 40 nyuma ya la Dar es Salaam? Sisi tuko karibu na nyuzi 30 mashariki, wao wamepita 39, lakini saa ni moja. Fundi aliyezoea Dar akikuwekea ratiba ya taa za nje, ipitie upya.

Tukiwa kwenye saa: Burundi, Kongo ya mashariki na Zambia zote ziko saa moja nyuma yetu. Nchi nne zinazunguka ziwa hili, na Tanzania peke yake ndiyo iko mbele. Tena DVR nyingi, yaani mashine za kurekodia, hutoka kiwandani China zikiwa na saa za Beijing, yaani saa tano mbele. Usipoirekebisha, wizi wa saa nane usiku utaandikwa 07:00 asubuhi, wakati duka limeshafunguliwa na wateja wamo. Hili si dogo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inataka mahakama ipime jinsi ushahidi wa kielektroniki ulivyotengenezwa na kutunzwa kabla ya kuupa uzito. Wakili wa mshtakiwa akiona saa ya uongo pembeni mwa picha, ameshapata pa kuanzia. Kumbuka pia kuwa ndani ya mashine kuna kabetri kadogo ka mviringo kanakoshikilia saa umeme ukikatika. Kakifa, tarehe inarudi nyuma miaka.

Je, wajua mwezi mpevu una mwanga kiasi gani? Wavuvi wa dagaa wanajua kwa njia yao: mbalamwezi ikiwaka, taa za mitumbwi hazivuti samaki na kazi inalala. Kwa vipimo, mbalamwezi kali kabisa ni kama luksi 0.3 tu. Boksi linaloahidi picha ya rangi kwenye luksi 0.001 linaahidi mengi, na mara nyingi picha hiyo hutoka na ukungu kila kitu kinapotembea. Balbu ya LED ya wati tano juu ya mlango itafanya kazi zaidi ya tofauti ya bei kati ya kamera mbili.

Bila balbu, kamera hubadili kwenda infraredi, na hapo rangi zinakufa. Vitambaa vingi vyeusi huonekana vyeupe au kijivu, kwa sababu rangi iliyomeza mwanga wa kawaida haimezi infraredi. Kitenge chenye maua makali kinaweza kutoka kama shuka tupu. Shahidi akisema mtu alivaa nyeusi na video ikaonyesha nyeupe, huenda wote wawili wako sahihi.

Buibui hupenda joto na wadudu wanaofuata lenzi usiku. Utando mmoja unarudisha infraredi yote na picha inakuwa nyeupe. Ufagio, mara moja kwa wiki.

Je, wajua kuwa maji ya Tanganyika ni baridi, si ya chumvi? Kamera ya chuma inayooza haraka Zanzibar hapa inaishi. Tafuta tu IP66: sita ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji yanayopigwa kwa nguvu. IP67 inamaanisha inavumilia kuzamishwa mita moja kwa dakika 30, na sijui ni duka gani linahitaji hilo. Ila mashine ya kurekodia usiiweke sakafuni. Ziwa lina njia moja tu ya kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, na miaka ya karibuni maji yamepanda mpaka yakafuata majengo ya ufukweni.

Je, wajua kwa nini kamera inafanya kazi mchana na kuzimazima usiku? Mteja hulaumu kamera. Mara nyingi mkosaji ni waya. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, unauzwa kama shaba, na upinzani wake kwa umeme unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu. Kamera inataka volti 12. Mchana inakula kidogo, hivyo kinachofika kinatosha. Giza likiingia taa za infraredi zinawaka, umeme unaovutwa unaongezeka, volti zinapotelea njiani, kamera inazima. Ikizima, mzigo unaondoka, inawaka tena. Usiku kucha. Chukua kisu ukwangue ncha ya waya kabla ya kulipa: ikiwa ndani ni nyeupe, mrudishie mwenye duka. Hapa ndipo ile pesa ya kamera mbili ulizoacha inapokwenda, pamoja na adapta nzito na diski nzuri.

Diski sasa. Kamera moja ya megapikseli 2 ikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde inajaza GB 21.6 kwa siku. Nne zinajaza 86. Terabaiti moja inadumu siku 11 na ushee, kisha mashine inafuta za zamani. Kama unahesabu stoo mwisho wa mwezi, utagundua upungufu wakati picha zake zimeshafutwa. Chagua mashine yenye H.265, njia ya kubana video ambayo huweza kupunguza ukubwa wa video karibu nusu ya H.264, na nunua diski iliyotengenezwa kwa kurekodi mchana na usiku, kama WD Purple au Seagate SkyHawk. Ya kompyuta kuukuu itaanza vizuri tu.

Je, kuhifadhi mtandaoni? Kamera moja kwa megabiti 1 kwa sekunde, saa 24, ni zaidi ya GB 320 kwa mwezi. Bando la kawaida la duka halibebi hilo. Rekodi hapohapo, simu ipokee tahadhari na picha chache.

Umeme nao una historia hapa. Mpaka miaka hii ya 2020 Kigoma haikuwa kwenye gridi ya taifa; TANESCO iliwasha mji kwa majenereta ya dizeli. Kamera nne na mashine yake hula kama wati 35, yaani uniti 25 za LUKU kwa mwezi. LUKU ikiisha usiku, macho yamefumba. Lakini kwa kuwa kila kitu hapo kinatumia volti 12, betri ya Ah 100 ya sola, ukitumia nusu yake tu, inazibeba saa 17 bila inveta. Inveta ingekula sehemu ya umeme huo bure. Na radi: ng'ambo yetu, mashariki mwa Kongo, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na waya mrefu wa nje unaileta ndani. Weka kinga na waya wa ardhini.

Mambo ya haraka. Mwaka 1966 Marie Van Brittan Brown, nesi wa New York aliyechoka kungoja polisi, aliomba hataza ya kamera ya mlangoni. Akaipata 2 Desemba 1969. EZVIZ ni ya Hikvision, Imou ilizaliwa na Dahua, Tapo ni ya TP-Link, kwa hiyo jina geni kwenye boksi si lazima liwe la kampuni changa. Kamera bandia yenye taa nyekundu inayowakawaka humdanganya mtoto. Za kweli nyingi haziwaki hivyo. Kamera zinazotegwa misituni magharibi mwa Tanzania kuchunguza sokwe huamshwa na joto la mwili linalotembea, na kuna za dukani zenye kihisi hichohicho, ambazo hazikuamshi kwa sababu ya bendera inayopepea.

Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kiliteka kamera na DVR nyingi sana duniani kwa kujaribu manenosiri ya kiwandani, machache tu, yasiyozidi sabini hivi. Kama lako bado ni admin, wewe ni mmoja wa waliokuwa wanatafutwa.

Je, wajua kuwa sura ya mteja wako ni taarifa binafsi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ndiyo inayosajili wakusanyaji wa taarifa hizo. Bandika tangazo mlangoni kuwa kamera zinarekodi. Usiweke kamera pa kujaribia nguo. Na video ya mwizi uliyemshuku, usiisambaze kwenye makundi ya WhatsApp, ipeleke polisi.

Jambo la mwisho, kesho yake, kabla hujammalizia fundi pesa. Mwambie akufungulie rekodi ya usiku uliopita, saa nane, yaani 02:00, aitoe kwenye flashi, kisha muifungue kwenye kompyuta ya jirani. Video za DVR nyingi hazifunguki bila programu yake maalumu, nayo inabidi iwe kwenye flashi hiyohiyo.