Nyoka kipofu hana sumu, lakini asishikwe kwa mkono

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

Mvua zinapolainisha udongo wa mashamba na viwanja vya Kata ya Gungu, Manispaa ya Kigoma-Ujiji, si ajabu jembe likafukua kiumbe mwembamba, anayeng'aa, ambaye kichwa na mkia wake ni vigumu kuvitofautisha. Wapo wanaomdhania kuwa nyoka wa vichwa viwili na kumuua papo hapo. Mara nyingi huyo ni nyoka kipofu, asiye na sumu wala uwezo wa kumdhuru binadamu.

Macho yake ni vidoa vilivyofunikwa na magamba, vinavyotambua mwanga na giza tu. Hula mchwa na sisimizi, pamoja na mayai na mabuu yao.

Duniani zipo zaidi ya spishi 400 za nyoka hawa. Za Tanzania zimo katika familia mbili: moja ina meno kwenye taya la juu pekee, na nyingine, ya nyoka wembamba kama uzi, kwenye taya la chini pekee. Baadhi, kama nyoka kipofu wa Zambezi, wameenea maeneo mengi. Mwingine hupatikana katika milima ya Uluguru tu. Katika miji ya pwani yupo pia mgeni kutoka Asia, aliyesafiri ndani ya udongo wa vyungu vya maua. Spishi hiyo ni ya majike watupu, wanaozaa bila dume.

Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2010 ulionesha kuwa ukoo huu ulikuwapo zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, wakati Afrika, Madagaska na India zilipokuwa sehemu ya bara moja kuu, Gondwana. Ardhi ilipogawanyika, nyoka hao nao walitengana na kubadilika kila kundi kivyake.

Hata hivyo, tahadhari ni muhimu. Yupo nyoka mwingine mweusi wa kuchimba, wa jenasi Atractaspis, anayeweza kufananishwa naye. Huyu ana sumu, na hata akishikwa nyuma ya kichwa huchoma kwa jino analolitoa ubavuni mwa mdomo.

Kwa hiyo, anayefukua nyoka wa udongoni asimuue wala kumshika. Amwache arudi ardhini. Aliyeumwa asichanjwe wala kufungwa kamba, bali awahishwe kituo cha afya.