Mbwa kwa Mzee Anayeishi Peke Yake

(MUZIKI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Msikilizaji wetu hapa Rejaf na kambi zote za karibu na Juba, sikiliza.

Juzi nilipita kwa habuba mmoja anayeishi peke yake, wanawe wametawanyika tangu vita. Nilimkuta mlangoni akimmegea asida mbwa koko aliyelala karibu na miguu yake. Nikauliza, "Habuba, huyu ni wako?" Akacheka. "Si wangu, mwanangu. Ila ndiye anayekuja kila siku." Niliona aibu, maana mimi mwenyewe nilikuwa sijafika kwake mwezi mzima.

Basi leo tuulizane: mbwa asiye na mwenyewe anaweza kuwa mwenzi wa mzee? Anaweza, lakini yapo masharti.

Tuanze na mfano wa jirani. Ukishika barabara ya Nimule ukavuka mpaka wa Uganda, mbele utafika Gulu. Kule watu waliteseka miaka mingi kwa vita vya LRA, ambavyo hata huku kwetu tunavijua. Francis Okello Oloya alikuwa na miaka 12 bomu lililofukiwa ardhini lilipolipuka akilima. Akapoteza macho. Alipokuwa shule ya bweni, kwenda chooni usiku kulimtesa, na aliona haya kuwaamsha wenzake kila mara. Mbwa wa pale shuleni wakaanza kumsindikiza. Alipokua akasomea saikolojia, akaanzisha mradi wa kuwaunganisha mbwa wasio na mwenyewe na watu walioumizwa na vita.

Zingatia jinsi wanavyofanya. Mbwa huchanjwa na kufungwa kizazi kwanza. Anayemchukua hufundishwa kumtunza, na huendelea kukutana na wenzake na kupata ushauri. Haachiwi mbwa tu, kisha watu wakaondoka.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Mbwa humsaidiaje mzee? Asubuhi anadai chakula na maji, kwa hiyo mzee anapata sababu ya kuamka. Anasikia mgeni kabla ya mzee kusikia. Na mzee aliyezoea kulea watoto na mifugo anajiona tena kuwa kuna anayemhitaji.

Sasa masharti. La kwanza, muulize mzee mwenyewe. Wengine wanaogopa mbwa, wengine dini au mila haiwaruhusu kukaa naye karibu. Waulize na majirani. Kama jirani ni Mwislamu, mbwa asifike kwenye mkeka wa kuswalia wala vyombo vya maji.

La pili, chagua mbwa mzima aliye mpole. Mtoto wa mbwa anarukaruka, na mzee akianguka anaweza kuvunjika nyonga. Mtazame mbwa siku kadhaa: ukisogea karibu na chakula chake, anang'ata? Watoto wakikimbia, anawafukuza?

La tatu, chanjo ya kichaa cha mbwa. Waulize maafisa wa mifugo au viongozi wa kambi inapatikana wapi na lini. Mbwa huchanjwa akifikisha miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka au kama daktari wa mifugo atakavyosema. Mpe pia dawa ya minyoo, na umwondoe kupe na viroboto.

Hapa nisikilize vizuri. Ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa yeyote akikung'ata au kukuparua, hata kama unamjua, osha kidonda hapo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kliniki siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo. Usipake majivu wala majani. Usingoje uone kama mbwa atakufa.

La nne, chakula. Mgao wa mzee haumtoshi hata yeye. Kabla ya kumletea mbwa, nyumba tatu au nne zikubaliane kutoa makombo kwa zamu. Mbwa awe na sahani yake, na usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, inaweza kumkwama kooni.

La tano, awepo mtu wa pili. Mzee akilazwa, au siku yake ya kurudi nyumbani ikifika, nani atabaki na mbwa? Kama hakuna jibu, bado hamjawa tayari.

Na neno la mwisho kwetu vijana. Mbwa hawezi kumchotea mzee maji, wala kumpeleka kliniki akiugua. Kumpa mzee mbwa kusiwe kisingizio cha kuacha kumtembelea. Mimi kesho naenda kwa habuba na sabuni yangu, tukamuulizie yule mbwa chanjo. Na wewe, mzee wa jirani yako ulimwona lini mara ya mwisho?

Kwaherini, tukutane wiki ijayo.

(MUZIKI UNAPANDA)