Rezidansi ya wasanii kwenye makumbusho: ni nini, na uulize nini mbele ya kukubali?

Hapa kwetu, mchoraji ama mpiga picha akisema amepata rezidansi Ulaya ama Marekani, jamaa wanasikia mambo mawili tu: feza na safari. Wengine wanaanza kumuaga kama mtu asiyerudi. Lakini rezidansi si zawadi, wala si njia ya kuhama. Ni jumba la makumbusho kumpa msanii fasi na wakati wa kufanya kazi, kwa miezi iliyohesabiwa.

Tuchukue mfano wa Studio Museum, mtaani Harlem, mjini New York. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka wa 1968 kwa ajili ya sanaa ya watu wenye asili ya Afrika. Kwa desturi linachagua wasanii watatu kwa mwaka. Linawapa atelie na feza za kuwasaidia, kisha kazi zao zinaonyeshwa kwa watu. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alipita hapo mwaka wa 2003 hadi 2004. Sanamu zake nne ziliwekwa mbele ya Metropolitan Museum, makumbusho makubwa ya mji huo, mwaka wa 2019. Hesabu mwenyewe: karibu miaka 15 ya kazi katikati. Rezidansi inafungua mlango, lakini kutembea ni kwako.

Kwa Mkongomani, kuna faida nyingine. Sammy Baloji, mpiga picha wa Lubumbashi, na mwandishi Patrick Mudekereza walipokelewa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Ile si nyumba ya sanaa ya kisasa. Ni fasi ambako vitu na picha nyingi za Kongo vimewekwa tangu wakati wa ukoloni. Humo Baloji alipata picha na michoro ya msafara wa Charles Lemaire, uliopita Katanga mwaka wa 1898 hadi 1900. Watu waliopigwa picha wakati ule kama vitu vya kuchunguzwa, yeye aliwaweka juu ya michoro ya rangi ya nchi yao wenyewe. Maonyesho yao, Congo Far West, yalifunguliwa mwaka wa 2011. Hapo ndipo tunaona faida yenyewe: msanii aliingia kwenye akiba ambayo wengi wetu hatutaiona kamwe, akarudi na maulizo yetu.

Wala hawakukata kamba na nyumbani. Wote wawili walishiriki kuanzisha Picha, shirika linaloandaa Biennale ya Lubumbashi tangu 2008.

Sasa, ukipata mwaliko, uliza mapema, na majibu yawe kwa maandishi:
- Nani analipa tiketi, viza, nyumba, chakula na bima ya afya? Kuna fasi zinazolipa yote, na zingine zinamwachia msanii.
- Nani analipa vifaa vya kazi?
- Kazi utakayoifanya itabaki ya nani? Na picha zake, nani ana haki ya kuzitumia?
- Nani atalipa kuzirudisha kwenu?

Usisahau pia kwamba viza za nchi nyingi zinaombewa Kinshasa. Mtu wa Bunia, Goma ama Bukavu ahesabu ile ndege mbele ya kutia sahihi, la sivyo familia itauza mbuzi kwa safari isiyofika.