Joto Ndilo Adui wa Kompyuta Nyembamba

Januari 2008, jukwaani San Francisco, Steve Jobs alichomoa kompyuta mpakato kutoka kwenye bahasha ya kaki ya ofisini, na ukumbi mzima ukashangilia. Hiyo ndiyo MacBook Air ya kwanza, na kwa wembamba makofi yale yalikuwa haki yake. Walioinunua kwa dola 1,799 walipata diski ya gigabaiti 80 izungukayo polepole, tundu moja tu la USB, na prosesa ambayo ikipata moto hupunguza mwendo. Imani ya siku nyingi ikazidi kukomaa: anayetaka kompyuta ya nyumbani achague moja, uzuri au nguvu. Nadhani tuliilaumu sura bure. Kilichokuwa kikitenganisha viwili hivyo ni joto, na mnunuzi anayelijua hilo hababaishwi na namba zilizobandikwa kwenye boksi.

Umeme unaoingia kwenye prosesa huishia kuwa joto. Kompyuta kubwa ya mezani ina nafasi ya feni na mapande ya chuma ya kulipunguza. Mashine nyembamba haina. Ikielemewa, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Kwa hiyo gigahezi zinazosifiwa dukani hueleza kasi ya kilele tu, si ile itakayobaki baada ya nusu saa ya kazi. Ushahidi mzuri ulipatikana mwaka 2020, kwa sababu mwaka huo Apple iliuza Air mbili zinazofanana karibu kwa kila kitu: kilo 1.29, betri ileile, bei ya kuanzia dola 999. Ya kwanza ilikuwa na prosesa ya Intel na feni. Ya pili, iliyotoka Novemba, ilikuwa na M1, chipu ya usanifu wa Arm, ukoo mmoja na chipu za simu, na feni haikuwemo kabisa. Hii isiyo na feni ndiyo iliyofanya kazi haraka zaidi, na makadirio ya Apple yenyewe ya kuperuzi intaneti kwa chaji moja yakapanda kutoka saa 11 hadi 15. Asili ya simu ina maana kubwa hapa. Simu kwa kawaida haiwekwi feni, hivyo wahandisi wake walikwisha kuzoea kubana kila wati miaka mingi kabla ya kugeukia kompyuta.

Wapo watakaosema kwamba bila feni mashine lazima itachoka, na hawakosei. MacBook Pro ya mwaka huohuo, yenye M1 na feni, huishinda Air katika kazi nzito ya mfululizo, kama kuchakata video ndefu. Lakini kazi za nyumbani huja kwa vipande: kufungua kurasa, kupunguza picha, kuzungumza kwa video, kuandika. Chipu hupumzika kabla joto halijapanda. (Na pasipo feni, hakuna kinachovuta vumbi ndani, faida ambayo wakaao kando ya barabara ya udongo wataithamini kuliko wauzaji wa California.)

Pingamizi zito zaidi ni la memori. Katika M1 memori imefungwa pamoja na chipu. Hilo husaidia kasi na kuokoa umeme, ila ukishanunua gigabaiti 8 ndizo hizo hadi mwisho. Framework, kampuni ya Marekani, ilionyesha mwaka 2021 kwamba mashine ya takribani kilo 1.3 inaweza kuwa na memori ya kubadilishwa na mwenyewe kwa bisibisi, ingawa yake ina feni. Hapa siwatetei Apple: Oktoba 2024 waliipandisha Air hadi gigabaiti 16 bila kuongeza bei, jambo linaloonyesha kwamba 8 zilikuwa za ubahili. Nao ushindani umekua, kwani tangu katikati ya 2024 kompyuta za Windows zenye chipu za Snapdragon X za Qualcomm zinafuata njia hiyohiyo ya Arm.

Mwenye fedha ya kununua iliyotumika, basi, aanze kwa kuuliza memori, si rangi wala gigahezi. Kisha afungue taarifa za mfumo asome mizunguko ya chaji: betri ya Air hukadiriwa kuhimili 1,000, na iliyokaribia hapo ipunguziwe bei ya betri mpya.