Ngozi ya Pwani Isizeeke Kabla ya Mwenyewe

Maji ya bamvua katika pwani ya mashariki ya Pemba hupwa kabisa karibu na saa nne za asubuhi. Anayefuata pweza, chaza au kamba za mwani huwa ameshashuka tangu saa mbili, na hupanda juu karibu na saa sita, bahari ikianza kumfukuza. Ile nasaha inayoandikwa kila mahali, kwamba mtu akae ndani jua linapokuwa kali, kwa mama wa Vitongoji, mashariki ya mji wa Chake Chake, ni sawa na kumwambia asile. Saa ya kazi inapangwa na bahari.

Nimeanza na saa ya maji kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu ngozi iliyokauka na kukunjamana kabla ya umri huanzia dukani, kwenye vikopo. Huko ndiko pesa zinakopotea. Ngozi ya mtu wa pwani huharibikia kazini na kwenye ndoo ya kuogea, na huko huko ndiko inakoweza kuokolewa, ikisaidiwa na kinachopikwa jikoni. Vitongoji karibu kila kinachohitajika kipo. Upungufu uko katika mpangilio na mazoea.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ukavu ni tatizo la juu juu. Tabaka ya nje ya ngozi ni seli zilizokufa zilizopangana kama matofali, na mafuta ya mwili ndiyo udongo unaoyashika. Chumvi, upepo wa kusi na sabuni kali vikiuondoa udongo huo, maji ya mwilini hutoka kupitia nyufa, na ngozi hupauka, huwasha, hutoa magamba. Ukavu wa namna hii hutengenezeka kwa siku chache tu. Makunyanzi yako chini zaidi. Huko kuna nyuzi za kolajeni zinazoishika ngozi ikae imara, na kinachozikata ni miale ya jua, mwaka baada ya mwaka. Hakuna mafuta ya kopo yanayozirudisha kwa wiki mbili, hata tangazo likiapa. Ila ngozi kavu huyaonesha makunyanzi zaidi kuliko yalivyo, ndiyo maana mtu akipaka mafuta vizuri huonekana amepungua miaka.

Nguvu ya jua katika kuzikata nyuzi hizo ilionekana waziwazi mwaka 2012, jarida la kitabibu la New England lilipochapisha picha ya dereva wa lori wa Marekani, mzee wa miaka 69. Alikuwa ameendesha kwa miaka 28, na kwao dereva hukaa kushoto. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa dirishani, ulikuwa na mikunjo mizito, ilhali wa kulia ulikuwa wa mtu mdogo zaidi. Mwili mmoja, chakula kimoja, kilichotofautiana ni dirisha. Kioo huzuia miale inayounguza lakini hupitisha sehemu kubwa ya miale mirefu ya urujuanimno, nayo ndiyo inayozama hadi kwenye kolajeni. Madereva wetu wa daladala wana dirisha upande wa kulia. Watazame mkono wao wa kulia.

Wapo wanaosema ngozi nyeusi haina haja ya kukingwa. Ukweli upo nusu. Kipimo kilichofanywa mwaka 1979 kilionesha kuwa tabaka ya juu ya ngozi nyeusi hupitisha karibu asilimia 18 ya ile miale mirefu, na ya ngozi nyeupe hupitisha zaidi ya 55. Hiyo ni kinga kubwa tuliyopewa, na ndiyo sababu bibi wa Pemba mara nyingi huwa na uso laini kuliko Mzungu wa umri wake. Lakini hiyo asilimia 18 ya jua la hapa, karibu na nyuzi 5 kusini ya mstari wa ikweta, ikiingia kila bamvua kwa miaka ishirini, hufanya kazi yake. Bahari nayo huongeza. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mchanga mkavu hurudisha juu kiasi cha asilimia 15 ya miale, povu la bahari asilimia 25, na kwamba nusu mita chini ya maji bado kuna asilimia 40 ya nguvu iliyopo juu. Miguu ya mwenye mwani iliyo majini haijajificha.

Nguo ndiyo kinga ya kwanza, na hapa mila yetu inatusaidia. Mtandio, mikono mirefu na juu yake kofia pana ya ukili, kama wavaavyo wakulima wengi wa mwani, ni kinga nzuri kuliko chupa nyingi za dukani. Kitambaa kizito kilichofumwa karibu hukinga zaidi ya chepesi kinachopitisha mwanga. Kanga iliyochakaa na kurowa hupitisha miale zaidi kuliko ikiwa kavu, basi ile ya zamani iende jikoni, na mpya kidogo ndiyo ishuke pwani. Anayelima muhogo ana bahati kuliko anayefuata maji, maana anaweza kutazama kivuli chake. Kivuli kikiwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, jua limekuwa kali, jembe lipumzike hadi alasiri.

Mafuta ya kukinga jua yanafanya kazi, hilo halina shaka. Huko Nambour, Australia, watu 903 walio chini ya miaka 55 waligawanywa, kundi moja likapaka kila siku na jengine likapaka lilivyojisikia. Baada ya miaka minne na nusu, kwa matokeo yaliyochapishwa 2013, waliopaka kila siku walikuwa na dalili za kuzeeka kwa ngozi pungufu kwa asilimia 24. Lakini bei yake madukani huku ni mzigo, na mgao wa kwanza ni haki ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao jua huleta saratani kabla halijaleta kunyanzi. Huko Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili yao na hugaiwa bure. Natamani kila familia ya Pemba yenye mtoto wa namna hiyo iyapate kabla mtoto hajaanza kwenda skuli kwa miguu.

Sasa tupande juu, tuoge. Chumvi isiachwe ikaukie mwilini. Anayetoka pwani ajimwagie maji matamu kwanza, hata kata mbili, kabla ya kuanza kupika. Sabuni ya mche na sabuni ya unga zimetengenezwa kutoa mafuta kwenye nguo na sufuria, na haziwezi kutofautisha mafuta ya samaki na mafuta ya ngozi. Tena zina ualkali mkubwa, na ngozi hupenda uchachu kidogo. Sabuni laini itumike pale penye haja: makwapani, sehemu za siri na nyayoni; mikono na miguu iliyopauka inatoshwa na maji. Maji yawe ya uvuguvugu au baridi. Dodoki lisugue polepole, na si kila siku kwa mwenye ngozi kavu.

Kisha mafuta, na hapa wakati ni kila kitu. Wengi hujifuta hadi wakauke, wavae, wapike chai, ndipo wakumbuke kupaka. Mafuta hayatii maji mwilini, huyafungia yaliyopo. Yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika tatu nne za kuoga, asubuhi na usiku. Mafuta ya nazi yanayopikwa nyumbani kwa tui yanatosha kabisa. Mwaka 2004 madaktari wa Ufilipino waliwapa wagonjwa 34 wenye ukavu ama mafuta ya nazi ama mafuta ya madini, mara mbili kwa siku kwa wiki mbili; yote mawili yalirudisha unyevu sawasawa. Mafuta ya mgando nayo ni mazuri, hasa kwa visigino na viganja vilivyokatwakatwa na kamba. Lakini tusiyape kazi isiyo yao, kwani mafuta ya nazi hayazuii jua.

Liwa iliyosagwa kwenye msio ina baridi yake na harufu yake, na sitaki ipotee. Nayo hunywa mafuta ya uso ikikauka, basi ikishaoshwa uso upakwe. Ndimu usoni iachwe kabisa; maji yake yakikutana na jua huunguza na kuacha mabaka meusi ya miezi. Na kwa kuwa kiwanda cha mafuta ya makonyo kipo Wawi, hapo jirani, nitoe tahadhari: mafuta ya mkarafuu hayapakwi matupu. Ni makali mno, huunguza. Tone moja kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi ni mengi tayari, na usoni yasifike.

Linaloniumiza zaidi ni mkorogo. Krimu hizi za kujichubua huchanganywa haidrokwinoni, zebaki na dawa kali za steroidi zilizokusudiwa kutibu ukurutu kwa siku chache. Kwa mwezi wa kwanza uso hung'ara, na ndiyo mtego. Steroidi ikiendelea hupunguza unene wa ngozi mpaka mishipa ikaonekana, na ngozi nyembamba hukunjamana upesi. Huku rangi iliyokuwa kinga imeondolewa, na bamvua linangoja. Msichana wa miaka 25 anajinunulia ngozi ya mwanamke wa 50, na analipa kwa pesa zake mwenyewe. Zebaki nayo haibaki usoni, huingia hadi kwenye figo. Wanaouza vitu hivi karibu na skuli na vyuo wanajua wanachofanya, na wanastahili kukamatwa kuliko kuonywa.

Turudi jikoni. Mwili hauwezi kuunda kolajeni bila vitamini C, na mwanamke mzima anahitaji kiasi cha miligramu 75 kwa siku. Gramu 100 za chungwa zina karibu 53. Za pera zina zaidi ya 200. Yale mapera yanayoachiwa ndege nyuma ya nyumba yanayashinda matunda mengi ya kununua. Mwaka 2007 zilichapishwa taarifa za wanawake 4,025 wa Marekani wa miaka 40 hadi 74: waliokula vitamini C zaidi walikuwa na makunyanzi na ukavu pungufu, na waliopata zaidi mafuta ya aina ya linoleiki walikuwa na ukavu pungufu. Mafuta hayo ni haba kwenye nazi. Yamo kwenye ufuta, karanga na alizeti, kwa hiyo sufuria ya nazi inahitaji msaada, hata kashata ya ufuta badala ya biskuti.

Kisamvu na mchicha vina rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na rangi hiyo haifyonzwi vizuri bila mafuta. Waliotuanzishia kisamvu cha nazi walitupa chakula kilichokamilika. Kiliwe na samaki, na sisemi nguru wa bei. Dagaa na vibua vina mafuta yale yale yanayosifiwa kwenye vidonge, ila vikikaangwa kwenye mafuta yaliyorudiwa mara nne faida inapungua. Chaza ni hazina ya zinki, madini yanayosaidia ngozi kujiponya. Utafiti wa 2001 uliowapima wazee 453 wa Ugiriki, Uswidi na Australia ulikuta ngozi isiyoharibiwa sana na jua kwa waliokula mboga, kunde na samaki kwa wingi, na iliyoharibika zaidi kwa wapenda siagi na sukari. Sukari ikizidi damuni hushikana na nyuzi za kolajeni na kuzikakamaza. Chai yetu ya asubuhi yenye vijiko vitatu, na ya jioni, na soda katikati, inapita kiasi kabla haluwa haijaguswa.

Vidonge vya ngozi vinavyouzwa mitaani sivipendekezi, na Pemba yenyewe inatufundisha. Katika kisiwa hiki, zaidi ya watoto 24,000 wadogo waliingizwa kwenye utafiti mkubwa wa kuongezewa madini chuma na foliki asidi. Sehemu ya kutoa madini hayo ilisimamishwa mwaka 2003, na matokeo yaliyotoka 2006 yalionesha kuwa waliopewa walifariki au kulazwa zaidi, kwa asilimia 12, kwa sababu ya malaria iliyokuwepo wakati ule. Jambo lile halikuhusu ngozi, lakini linaonesha kuwa kirutubisho nacho ni dawa, na dawa ina mahali pake. Vitamini A ya vidonge ikizidi hukausha ngozi na midomo, na humdhuru mtoto tumboni. Vidonge vya kliniki kwa wajawazito ni jambo jengine, hivyo wasiviache.

Maji ya kunywa hayafuti makunyanzi. Anayetoka jasho pwani ayanywe kwa sababu mwili wake unayahitaji, na mwezi wa Ramadhani ayagawe tangu futari hadi daku. Sigara huzeesha uso hata kivulini.

Wapo watakaofanya yote haya kwa mwezi na ngozi ibaki kavu. Hao wasiendelee kubadilisha mafuta. Ukavu pamoja na kiu kisichokatika na haja ndogo ya mara kwa mara huenda ni kisukari. Ukavu pamoja na kuchoka, kuongezeka mwili na kuhisi baridi huenda ni tezi ya shingo. Baka lililopauka ambalo halihisi mguso wa unyoya ni la kuangaliwa kwa ukoma, ambao unatibika na dawa zake ni bure. Hospitali ya Vitongoji iko hapo hapo, na kupima sukari ni tone moja la damu. Anayekwenda achukue mfukoni kila kikopo alichokuwa akijipaka, na cha mkorogo pia, bila kuficha, maana aliyetumia steroidi kwa muda mrefu hatakiwi kuacha ghafla. Mganga ndiye atakayempangia namna ya kupunguza.