Mfugo Anayekuvizia Ukutani

Samaki wa rangi wanaovuliwa kwenye miamba ya Kigoma hufugwa katika akwariamu za Ulaya na Marekani, kwa umeme, pampu na fedha nyingi. Mwanafunzi wa Ujiji anayetaka mfugo wa kuanzia hahitaji hayo yote. Amwangalie tu buibui mrukaji, anayevizia wadudu ukutani karibu na taa.

Jamii yake, Salticidae, ina spishi zaidi ya 6,000. Hakuna jamii ya buibui iliyo kubwa kuliko hiyo. Menemerus bivittatus na Plexippus paykulli wamezoea kuta za nyumba katika nchi za joto, na urefu wao haufiki sentimita moja na nusu. Tofauti na buibui anayesimuliwa kutanda utando mlangoni mwa pango la Thaur alimojificha Mtume, hawa hawatandi utando wa kunasia. Huwinda kwa macho manane: mawili makubwa ya mbele huona kwa undani, mengine hunasa kinachosogea ubavuni na nyuma. Ndiyo maana ukimkaribia hugeuka akakukodolea. Akitaka kuruka, hubandika uzi wa usalama, kisha husukuma majimaji ya mwili miguuni kwa nguvu, na miguu ya nyuma hunyooka ghafla.

Kopo la plastiki linalopitisha mwanga linatosha. Toboa vitundu vidogo vya hewa, weka kijiti, na usiliache juani. Nyunyiza matone machache ya maji ukutani mwa kopo, atakunywa. Kila baada ya siku mbili tatu mpe nzi au mbu aliye hai, asiyeguswa na dawa ya kupulizia. Akijifungia kwenye kijumba cha hariri na kukataa chakula, huenda anajivua gamba, usimsumbue. Usiwaweke wawili pamoja, watalana. Sumu yake haina hatari kwa binadamu.

Faida kubwa ni kujifunza. Mwaka 2005, watafiti waliofanya kazi Mbita, Kenya, walitangaza kwamba Evarcha culicivora wa Ziwa Victoria huchagua mbu jike aliyeshiba damu. Wewe nawe mpe wako nzi na mbu kwa pamoja, uandike anamrukia nani kwanza. Rudia siku nyingine, akiwa na njaa na akiwa ameshiba. Ukimaliza, mrudishe ukutani ulikomtoa: ni mwenyeji, na kazi ya kupunguza mbu bado ipo.