Kitanzi cha Wakri na Hukumu ya Brussels

Kwetu ukitaja kitanzi, msikilizaji hakupi nafasi ya kumaliza. Tayari ameshaona seng'enge iliyonyofolewa kwenye ua wa mtu, pundamilia anayeburuta mguu uliooza, ndovu aliyekatika mkonga. Picha hiyo ni ya kweli. Vikosi vya kutegua nyaya vinazunguka Tsavo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Serengeti navyo vipo, na kazi yao haijaisha. Sheria za Kenya na Tanzania zinamhesabu mwenye kitanzi kuwa jangili, nami sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na watu wema, tena wasomi, wanaoibeba picha hiyo ya Tsavo hadi misitu ya Quebec, huko Kanada, wakawabandika Wakri wa Ghuba ya James jina la watesaji wa wanyama.

Wakri hao ni watu wapatao elfu ishirini, waishio katika vijiji vichache vya pwani na bara: Chisasibi, Wemindji, Waskaganish, Mistissini na vinginevyo. Nchi yao wanaiita Eeyou Istchee, nchi ya misonobari, maziwa na theluji, ambako jembe halina kazi. Meli ya Nonsuch ilitia nanga kwenye mlango wa mto Rupert mwaka 1668, na miaka miwili baadaye Kampuni ya Hudson's Bay ikapewa hati na mfalme wa Uingereza. Kilichowaleta ni biva, yule mnyama wa majini mwenye mkia bapa na meno ya kuangushia miti. Manyoya yake ya ndani yalitengenezewa kofia za waungwana. Ngozi moja safi ya biva ndiyo iliyokuwa sarafu. Bunduki, blanketi na sufuria vyote vilipangiwa bei kwa biva. Ulaya hiyo iliyovaa kofia ndiyo iliyokuja baadaye kuwasomea Wakri somo la huruma.

Nianze na kitanzi, maana ndicho nikipendacho. Kutega sungura kwa kawaida ni kazi ya wanawake na watoto. Wanaume wakiwa mbali, wakifuata karibuu, yule kulungu mkubwa wa kaskazini, au wakipasua barafu kwenye nyumba za biva, bibi hutoka kambini asubuhi na wajukuu wake kutazama vijia. Sungura wa kule ni wa kahawia wakati wa joto na mweupe wakati wa theluji, na ana tabia ya kupita palepale kila usiku mpaka theluji inashindiliwa. Bibi hamtafuti sungura, anatafuta njia yake. Akiipata, huchomeka matawi ya msonobari huku na huku, ukawa ua mdogo wenye mlango mmoja, na mlangoni huning'iniza tanzi lenye upana wa ngumi, vidole vinne juu ya theluji. Kipimo ni mkono wake mwenyewe. Tanzi likiwa juu mno, sungura hupita chini yake. Likiwa chini mno, hunasa mguu badala ya shingo, na huko ndiko kumtesa mnyama. Mtoto hufundishwa hilo kabla hajafundishwa kufunga fundo.

Zamani tanzi lilisokotwa kwa kano za mnyama, ukanda wa ngozi ya karibuu au maganda ya mti. Lakini sungura ana meno, angeitafuna kamba akaenda zake. Ndiyo maana mti mchanga ulipindwa, au mlingoti uliegemezwa kwenye panda, na tanzi likafungwa nchani. Sungura akishtuka, mti hufyatuka na kumnyanyua. Hufa upesi, tena juu, mbweha asimfikie. Waya wa shaba ulipoingia madukani, ufundi wa kupinda miti ukapungua. Kipimo cha ngumi na vidole kikabaki.

Jambo moja hawalioni wanaotia mitego yote kapu moja: kitanzi cha sungura hakina chambo. Mtego wa chuma humwita mnyama kwa harufu, humtoa katika shughuli zake. Kitanzi humngoja anakopita mwenyewe. Asiyezijua njia ataning'iniza waya msituni mwezi mzima, ale alichotoka nacho nyumbani.

Halafu ipo ngozi. Ya sungura ni dhaifu, huchanika kama karatasi, na wafanyabiashara hawakuitaka sana. Bahati njema, maana ndivyo ilivyobaki mikononi mwa wanawake. Waliikata kwa kuizungusha ikawa utepe mmoja mrefu, wakausokota mpaka manyoya yakatokeza kila upande, kisha wakaufuma tanzi kwa tanzi hadi ukawa blanketi, au koti la mtoto. Blanketi moja lilikula ngozi kwa makumi. Ukiliinua kwenye mwanga unaona matundu, kidole kinapita, lakini aliyelilalia haulizi moto. Ufundi uliomnasa sungura ndio uliomfuma. Leo wanaoujua wamebaki wachache, na blanketi zenyewe utazikuta zaidi nyuma ya vioo vya makumbusho, na maelezo mafupi yasiyomtaja mama aliyefuma.

Isidhaniwe kwamba sungura alikuwa neema tupu. Hana mafuta, familia iliyobakiwa naye peke yake hukonda huku ikila. Na huadimika. Kila baada ya miaka kama kumi hufurika, kisha hutoweka, naye linksi, paka mwitu mwenye vishungi masikioni anayemtegemea, humfuata. Charles Elton wa Oxford alichambua kupanda na kushuka huko kwa linksi mwaka 1942 kwa kupitia hesabu za ngozi katika madaftari ya Kampuni. Akina bibi walikuwa wakikusoma kwenye matanzi matupu.

Linksi naye hutegwa kwa kitanzi, kinene zaidi. Mtego wa gogo niupitie upesi: gogo zito huinuliwa juu ya kifyatuo chenye chambo, likamwangukia mateni (mnyama mdogo wa jamii ya kicheche), fisi-maji, hata dubu. Hujengwa palepale kwa shoka, hubomolewa msimu ukiisha, na haugharimu senti. Mtego wa chuma ulitoka dukani. Sewell Newhouse wa Oneida, jimbo la New York, aliyafanya mataya ya chuma kuwa bidhaa ya kiwandani katika karne ya 19, na kwa Mkri chuma hicho kilikuwa mzigo mara mbili, begani na katika daftari la madeni. Alikopeshwa vuli, akalipa kwa ngozi barafu ilipoyeyuka. Mtego wa fremu mbili uliobuniwa na Frank Conibear, ambao humbana mnyama mwili na kumuua badala ya kumshika mguu, ulikuja miaka ya 1950, na ni afadhali. Ya chuma yanatosha.

Waandishi wengi huishia kwenye vifaa, na hapo ndipo wanapowapotosha wasomaji. Kwa Wakri mnyama hashindwi nguvu, hujitoa. Biva aliyekufa majini kwenye mtego amekubali kumlisha mtu fulani, na mtu huyo ana wajibu wa mgeni aliyekirimiwa. Mnyama huletwa kambini bila majigambo. Mwanamke humpokea, humchuna, hugawa nyama. Kipande cha mafuta hutupwa motoni. Mifupa ya biva haipewi mbwa hata kidogo: hurudishwa majini au hutundikwa juu ya mti. Fuvu la dubu husafishwa, hupambwa na kufungwa kwenye mti ulio wazi, na msafiri akipita kwa mtumbwi huliona kutoka ziwani. Wazee walichoma mfupa wa bega la sungura au la nungunungu, wakasoma nyufa zake kujua wawinde upande gani. Adrian Tanner, aliyeishi kambini na Wakri wa Mistissini, aliyaandika mengi ya haya katika kitabu chake cha mwaka 1979, na kilichomshangaza msomaji wa wakati ule ni kwamba watu hao walikuwa Wakristo, wenye Biblia hemani, na mifupa bado iko mtini. Mimi halinishangazi. Watu wangapi wa kwetu hutoka msikitini au kanisani wakapita kwa mizimu ya babu?

Sherehe ya mtoto kutoka hemani kwa mara ya kwanza, alfajiri, akikanyaga matawi, siielezi. Watalii wameipiga picha vya kutosha.

Sisemi Wakri ni malaika. Kufikia miaka ya 1920 biva walikuwa wamekwisha kabisa sehemu kubwa ya nchi yao. Wategaji wa kigeni walimiminika, bei ikawa juu, na Mkri alipoona atakachoacha yeye atakichukua mgeni kesho, naye akatega bila kuacha. Mwaka 1932 Maud Watt na mumewe James, aliyekuwa msimamizi wa duka la Kampuni pale Rupert House, ndio Waskaganish ya leo, walifanikiwa kuishawishi serikali ya Quebec itenge hifadhi ya biva. Husifiwa sana, na wanastahili. Lakini waliokwenda kuhesabu nyumba za biva moja moja ni wazee wa Kikri, ambao tangu zamani kila mmoja alikuwa na eneo lake la kulitunza. Ni wao wanaoamua eneo gani litegwe mwaka huu na lipi lipumzike, nani aingie na biva wangapi watoke. Wasomi waliokwenda baadaye Waswanipi, kijiji kingine cha Wakri, walikuta nyumba za biva zikivunwa kwa zamu, kwa mpango ambao afisa wa wanyamapori angeona fahari kuutia saini.

Tuje Brussels. Mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya ilipitisha kanuni ya kupiga marufuku mitego ya kubana mguu kwake yenyewe, na kuzuia ngozi za wanyama 13 kutoka nchi zinazoendelea kuitumia. Baada ya miaka ya mvutano, mwaka 1997 ukafikiwa mkataba na Kanada na Urusi wa kupima mitego ya kuua kwa saa: kicheche mweupe apoteze fahamu ndani ya sekunde 45, mateni 120, wengine 300. Nakiri mataya ya chuma nchi kavu ni ukatili, na waliopiga kelele walikuwa na hoja. Ila kelele hazikuchagua. Mnunuzi wa London aliyeona bango la mbweha anayetafuna mguu wake hakuuliza ngozi iliyo dukani ilitoka kwa nani na kwa mtego gani. Akaacha kununua, na hasara ikamfikia mama wa Mistissini kabla ya kumfikia mwenye kiwanda.

Tena, kwa anayetaka kuona, cha kulinganisha na mtego huo kilikuwa karibu sana: bwawa. Robert Bourassa, waziri mkuu wa Quebec, alitangaza mwaka 1971 mradi mkubwa wa umeme kwenye mito ya Wakri bila kuwauliza. Jaji Albert Malouf aliusimamisha Novemba 1973 baada ya kuwasikiliza wategaji mmoja baada ya mwingine; mahakama ya rufani ikauachia ndani ya wiki moja. Mabwawa yakafunika maelfu ya kilomita za mraba pamoja na njia zote zilizopita humo, na samaki wakajaa zebaki. Septemba 1984, kaskazini zaidi kwenye mto Caniapiscau, karibuu wapatao 10,000 wakafa maji wakivuka. Wapo waliolaumu maji yaliyofunguliwa bwawani, wapo waliolaumu mvua. Sikuona jedwali la sekunde kwa ajili yao.

Wakri walipoona hawawezi kuyazuia maji, walitia saini mkataba mwaka 1975. Kati ya walichokipata, ninaloliona la maana kuliko fedha za jumla ni mpango wa kipato kwa wawindaji na wategaji, ulioanza mwaka uliofuata. Familia hulipwa kwa siku inazokaa porini; siku ya mke aliyetega sungura karibu na kambi huingia hesabuni pamoja na ya mume aliyekwenda mbali kutega biva. Malipo hayatokani na ngozi, hivyo bei zilipoporomoka mwishoni mwa miaka ya 1980, wapo waliorudi dukani na sufuri na bado wakaweza kununua mafuta ya pikipiki ya theluji, unga, na waya wa shaba.